Kupima Maji ya Kunywa katika Majengo ya Vyuo: Maelezo kwa Watu wa Isiolo

Mtu wa Isiolo hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Mji wake umesimama penye mpaka wa nchi mbili zisizofanana. Upande wa kusini ni miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, penye mvua na mashamba. Upande wa kaskazini na mashariki ni mbuga kavu ziendazo hadi Ewaso Ng'iro, na kutoka hapo mpaka Merti na Garba Tula. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kwa wingi. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Kwa watu waliopita katika mambo hayo, maji ya bombani ni neema, wala si ajabu mtu ayaonapo yakitiririka meupe akashukuru na kunywa, asiulize neno.

Lakini liko neno la kuuliza, na hasa katika vyuo. Isiolo siku hizi ni mji wa wanafunzi pia. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kina tawi lake hapo, na shule za bweni hazikosekani. Nyumbani, mtungi ukiingia uchafu huugua watu watano au sita. Chuoni, ambako mamia ya vijana hunywa kutoka katika tangi moja, kosa dogo la tangi hilo huwalaza watu wengi kwa siku moja. Mwezi wa Aprili 2023 shule moja ya bweni ya wasichana katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kushikwa na tumbo na homa. Wanafunzi kadhaa wakafariki, na mwalimu pia. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba vipimo vilionyesha vijidudu vya kinyesi pamoja na vijidudu vya homa ya matumbo. Tangu wakati huo wazazi wengi wamekuwa wakiuliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za karo, nao wana haki ya kuuliza, kwa maana Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kumtosha.

Huenda msomaji akasema: "Bwana, maji haya yametoka kwa kampuni ya maji, nayo imekwisha kuyatia dawa. Ya nini kuyapima tena?" Jawabu ni kwamba kampuni huyapima maji yanapotoka katika mitambo yake na katika mabomba yake makubwa, na kazi yake hukoma penye mita. Kutoka penye mita hadi kinywani mwa mwanafunzi iko safari nyingine, na safari hiyo ni ya chuo chenyewe. Maji huingia katika tangi la chini, husukumwa na pampu mpaka tangi la juu ya paa, hushuka kwa mabomba ya chuma au ya plastiki, hupita katika viungo na koki, na pengine hupitia kichujio ambacho hakuna akumbukaye kilibadilishwa lini. Kila hatua ya safari hiyo ina hatari yake.

Tuchukue tangi la paa. Kifuniko kikiachwa wazi, ndege, mijusi na vumbi huingia. Jua la Isiolo hulipasha tangi moto mchana kutwa, na klorini iliyotiwa na kampuni huisha upesi zaidi katika maji ya moto. Chini ya tangi hukusanyika tope laini ambamo vijidudu hujificha, hata dawa isiwafikie. Tena kuna kijidudu kiitwacho Legionella, kilichojulikana baada ya wajumbe wa mkutano kuugua katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1976. Hicho hustawi katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 25 na 45, wala hakimdhuru mtu kwa kunywa hasa, bali kwa kuvuta pumzi penye mvuke na manyunyu, kama bafuni.

Ama mabomba, hatari yake kubwa huja wakati maji yanapokatika. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, uchafu wa nje hauwezi kuingia hata kama bomba lina ufa. Lakini maji yakikatika, nguvu ile hugeuka, na bomba huvuta ndani kila lililo karibu na ufa: maji ya mtaro, au ya shimo la choo. Vivyo hivyo mpira wa kumwagilia maua ukiachwa umezama katika ndoo ya maji machafu, maji yakikatika, ndoo ile huweza kunyonywa na kurudi katika bomba la kunywa. Katika mji ambao maji hutoka kwa zamu, jambo hili si la kufikirika tu.

Halafu kuna maji yaliyolala. Chuo kikifungwa kwa likizo, maji hukaa ndani ya mabomba majuma mengi bila kusogea. Klorini huisha, vijidudu huongezeka, na madini ya bomba na ya koki huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji. Shule na vyuo vyote vya Kenya vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mafundi wa nchi nyingi duniani walitambua kwamba jengo lisilo na watu linaharibu maji yake lenyewe.

Mfano unaojulikana sana wa maji kuharibiwa na mabomba ni ule wa mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwezi wa Aprili 2014 mji huo ulibadili chanzo cha maji yake, ukaanza kutumia maji ya mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Maji yale yakala mabomba ya kale, yakaanza kubeba madini ya risasi hadi majumbani. Mapema mwaka wa 2015 chuo kikuu kilichoko katika mji huo, yaani University of Michigan-Flint, kilipima maji katika majengo yake, kikakuta risasi katika baadhi ya bomba za kunywea, nyingine zikiwa salama. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba majengo yote yalipata maji ya mji mmoja, lakini bomba hazikuwa na hali moja. Risasi haina rangi, harufu wala ladha katika maji. Hudhuru akili ya watoto wadogo na mimba za wanawake, na Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka kiasi cha 0.01 miligramu katika lita moja kuwa mpaka, huku likisema kwamba hakuna kiasi kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Kwa hiyo mtu atakaye kujua hali ya maji ya chuo asichukue maji ya mahali pamoja. Achukue penye mita, yanapoingia. Achukue katika tangi. Achukue na penye koki ambayo wanafunzi hunywa. Maji ya penye mita yakiwa mazuri na ya tangi yakiwa mabaya, kosa ni la tangi. Ya tangi yakiwa mazuri na ya koki yakiwa mabaya, kosa liko katika mabomba au koki yenyewe. Ya mita yakiwa mabaya tangu mwanzo, basi ni shauri la kuipelekea kampuni, na chuo kitakuwa na ushahidi mkononi badala ya lawama. Mtu anayechukua chupa moja tu hujua kwamba pana ubaya, lakini hajui aanzie wapi kuutengeneza, na mara nyingi huishia kununua tangi jipya hali kosa lilikuwa la bomba.

Kazi ya kuchukua maji yenyewe huonekana rahisi, nayo ndiyo huharibika zaidi kuliko kazi yote ya maabara. Kwa kupima vijidudu hutumiwa chupa iliyotakaswa kwa moto katika maabara, ya kiasi cha mililita 100 au zaidi. Ndani yake huwa mna unga kidogo au matone ya dawa iitwayo thiosalfeti, ambayo kazi yake ni kuizima klorini, ili isiendelee kuua vijidudu njiani na kuyafanya maji yaonekane mema kuliko yalivyokuwa bombani. Watu wengi kwa usafi wao huisuuza chupa kabla ya kuijaza, na hapo huimwaga dawa ile yote! Chupa hiyo haisuuzwi. Koki hufutwa kwa spiriti au kupitishwa moto kama ni ya chuma, vifungo vya mpira vikiondolewa, maji huachwa yatiririke dakika mbili au tatu, kisha chupa hujazwa bila kidole kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, na nafasi kidogo huachwa juu ili maji yaweze kutikiswa. Halafu chupa huandikwa tarehe, saa, jengo na koki.

Baada ya hapo saa zinahesabiwa. Chupa huwekwa katika sanduku lenye barafu, isigande, na yapasa ianze kupimwa katika muda wa saa sita. Ikipita saa 24 majibu yake hayaaminiki tena. Kwa Isiolo neno hili lina uzito wake. Meru ni karibu, kiasi cha kilomita 50, lakini Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, na chupa iliyochukuliwa asubuhi, ikangojea gari la jioni, ikafika maabara kesho yake mchana, imekuwa maji ya kumwaga tu. Afadhali kupanga kwanza na maabara, na gari, ndipo koki ifunguliwe. Au chuo kiwe na sanduku la vyombo vya kupimia hapo hapo, kama yale yatumiwayo na watu wa misaada mashambani. Wapo wapimaji waliokuwa mahali pasipo umeme ambao hufunga vijaluba vya kupimia kwenye mwili, chini ya nguo, na kulala navyo, kwa maana joto la mwanadamu latosha kuotesha vijidudu. Usiku kucha mtu hulala na vipimo vyake kama kuku aataminye mayai.

Kwa kupima risasi, sheria hugeuka kinyume. Hapo hatutaki maji yaliyotiririka, bali yaliyolala. Chupa ya lita moja hujazwa alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua koki katika jengo, baada ya maji kukaa saa sita au zaidi. Kisha koki huachwa itiririke dakika chache, na chupa ya pili hujazwa. Chupa hizi mbili za koki moja zikilinganishwa husema mengi. Ya kwanza ikiwa na risasi na ya pili ikiwa safi, risasi inatoka katika koki au mabomba ya jengo hilo. Zote mbili zikiwa na risasi, itafutwe mbali zaidi. Mlinzi wa usiku aambiwe mapema, kwa kuwa akifungua koki kunawa uso saa kumi na moja kazi yote imebatilika.

Maabara hutafuta nini? Vijidudu viletavyo maradhi katika maji ni vya namna nyingi sana, na kumtafuta kila mmoja ni gharama na kuchelewa. Kwa hiyo hutafutwa kijidudu kimoja kiwezacho kuwa shahidi, nacho ni Escherichia coli, kilichoelezwa mara ya kwanza na daktari Theodor Escherich mwaka wa 1885. Hicho huishi katika matumbo ya watu na wanyama. Kikionekana katika maji, ni dalili kwamba kinyesi kimeyafikia, na palipopita kinyesi huweza kupita kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Mililita 100 za maji huchujwa katika karatasi yenye vitundu vidogo mno, karatasi huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, nayo huatamiwa katika joto maalumu kwa muda wa siku moja hivi. Kila kijidudu kilicho hai huzaa ukoo wake mpaka ukaonekana kwa macho kama doa, na madoa yale huhesabiwa. Kwa maji ya kunywa hesabu iliyo halali ni moja tu: hakuna. Doa moja katika mililita 100 ni sababu ya kutenda jambo siku hiyo hiyo.

Lakini siku moja ya kungojea ni ndefu kwa wanafunzi wenye kiu, na ndiyo sababu klorini hupimwa kila siku. Kipimo chake ni rahisi, wala hakihitaji msomi. Tembe ndogo ya dawa iitwayo DPD, ambayo njia yake ilitangazwa na mkemia Palin wa Uingereza mwaka wa 1957, huyeyushwa katika kichupa cha maji. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi, na rangi hiyo hulinganishwa na kibao. Penye koki isipungue 0.2 miligramu katika lita. Ikiwa penye mita rangi ilikuwa ya waridi na penye koki ya bweni maji yamebaki meupe, dawa imeliwa na kitu njiani, nacho aghalabu ni tope la tangi. Kwa maoni yetu chuo chenye fedha kidogo kianze na kipimo hiki kabla ya kingine chochote, maana huonyesha hatari kabla haijawa ugonjwa.

Chuo chenye kisima chake kina neno la ziada. Maji ya chini ya ardhi huyeyusha miamba ayapitiayo. Ile hazina kubwa ya maji ya Merti, itandaayo kuelekea mashariki hadi Somalia, ina maji matamu katikati na ya chumvi pembeni. Na katika sehemu nyingi za Kenya, hasa Bonde la Ufa, visima virefu hutoa maji yenye floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya hudhurungi na ikizidi sana hudhuru mifupa. Kipimo kisichofaa kupitwa ni miligramu 1.5 katika lita. Naitreti, ambayo huweza kutoka katika vyoo na mazizi, isizidi miligramu 50. Mambo haya hayabadiliki upesi, basi yatosha kuyapima kisima kinapochimbwa na mara moja moja baadaye.

Na hapa ipo dhana moja ya kusahihishwa. Watu husema, maji yakichemshwa yamekuwa salama kwa kila jambo. Kwa vijidudu ni kweli kabisa. Mji wa Isiolo uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, na hapo maji huchemka penye joto la nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini joto hilo bado ni mauti kwa vijidudu vya maradhi, mradi maji yametokota sawasawa. Bali risasi, floraidi, naitreti na chumvi haziondoki kwa moto. Maji yakipungua katika sufuria kwa kuchemka, hizo hubaki zote, na maji yaliyosalia huzidi kuwa nazo.

Sasa tuseme majibu yamerudi, na tangi la bweni lina doa. Jambo la kwanza ni kuandika penye koki kwamba maji yasinywewe mpaka yachemshwe, na kumwarifu Bwana Afya, yaani afisa wa afya ya umma, bila kungoja kikao. Kisha tangi humwagwa, husuguliwa, tope likatolewa, na kifuniko kikatengenezwa. Hujazwa tena na kutiwa klorini ya nguvu ya miligramu 50 kwa lita. Kwa tangi la lita 5,000 ni gramu 250 za klorini tupu. Na kwa kuwa unga wa klorini uuzwao kwa kazi hii aghalabu una sehemu 70 katika mia, huhitajika kiasi cha gramu 360 za unga. Huo huyeyushwa kwanza katika ndoo ya maji, mtu amevaa glavu, wala hauchanganywi na sabuni wala dawa nyingine. Koki zote za jengo hufunguliwa mpaka harufu ya klorini isikike kila mahali, kisha hufungwa na kuachwa usiku kucha bila mtu kunywa. Asubuhi maji yote humwagwa, na yasimwagwe penye njia ya mbuzi na ngamia, ambao hawasomi matangazo. Tangi husuuzwa, hujazwa maji ya kawaida, klorini hupimwa, na chupa mpya hupelekwa maabara. Tangazo lile la penye koki haliondolewi siku tangi liliposafishwa, bali siku majibu ya pili yaliporudi bila doa.

Risasi ikionekana, dawa haisaidii. Koki iliyokosa hufungwa mara moja, hubadilishwa kwa nyingine isiyo na risasi, na bomba lake huchunguzwa. Wakati huo wanafunzi waelekezwe koki nyingine ambayo imepimwa, si ile iliyo karibu tu.

Kazi hii yote huhitaji daftari moja, ambamo kila koki ya kunywea ina namba yake, na penye namba huandikwa siku ilipopimwa, klorini iliyoonekana, majibu ya maabara, na jina la aliyechukua maji. Mwishoni mwa likizo, siku mbili kabla ya wanafunzi kurudi, fundi hupita na daftari hilo jengo kwa jengo, akafungua kila koki mpaka maji yaliyolala yaishe na rangi ya waridi ionekane katika kichupa chake. Nakala ya ukurasa wa mwisho hubandikwa penye mlango wa chumba cha kulia, mahali ambapo mwanafunzi aweza kuisoma akiwa na bilauri mkononi.